Unga wa vitamini C na chupa ya "kuondoa madini": nilivyotumia kwenye bwawa lenye madoa ya kutu

Nianze na nyota, maana wengine mna haraka. Unga wa vitamini C nimeupa nne na nusu. Chupa ya dawa ya madini iliyouzwa pamoja nao nimeipa tatu, na moja kati ya hizo ni ya huruma. Kama hayo yanakutosha, nenda salama. Kama sakafu ya bwawa lako imeanza kufanana na karai lililosahaulika mvuani, vuta kiti.

Bwawa langu ni la nyumbani, mita za ujazo 42, plasta nyeupe, ngazi tatu upande wa maji mafupi, filta ya mchanga, na maji yanatoka kisima kirefu. Hicho kisima ndicho mwenye kesi. Maji yakitoka bombani ni maangavu kabisa. Chuma kilichoyeyuka ndani yake hakina rangi wala hakijitangazi, mpaka kikutane na hewa au klorini. Hapo ndipo kinageuka kutu.

Siku hiyo nilifungulia mpira jioni ili kujazia maji yaliyonywewa na jua, nikausahau, nikaukuta asubuhi bado unatiririka. Nikaona nifidie kwa klorini. Nikamwaga kipimo cha kushiba, nikaenda kuanika nguo. Niliporudi maji yamekuwa chai. Chai isiyokolea, lakini chai. Kilichonichanganya ni kwamba yalikuwa bado maangavu; skrubu za taa kule chini nilikuwa naziona moja moja. Laiti ningejua, hiyo ilikuwa dalili tosha. Mwani huyatia maji ukungu na kuta zikateleza. Madini huyapaka maji rangi yakabaki yanaonyesha mpaka chini.

Fundi niliyekuwa naye wakati huo alichovya mkono, akaunusa, akasema, "Mama, huu ni mwani unaanza. Tupige klorini." Dawa ya moto ni moto. Tukapiga siku tatu mfululizo. Siku ya nne maji yakawa meupe pe, fundi akapokea shukrani zake, akaondoka. Jioni jua lilipoinama nikaona rangi ilikokwenda. Haikwenda popote. Ilikuwa imeshuka ikakaa kwenye plasta: ngazi zote tatu kahawia, michirizi chini ya matundu yanayorudisha maji, na kwenye maji marefu mabaka yaliyopakana kama ramani.

Kuanzia hapo nilifanya makosa mawili ambayo nayaweka hapa ili wewe usiyarudie. La kwanza, nilisugua. Doa la kutu lililoingia kwenye plasta halisikii brashi. Ni kutwanga maji kwenye kinu. Na kijana wa bustani, kwa nia njema kabisa, alinisaidia na brashi ya waya. Nyaya zake zinakatika vipande vidogo, vinabaki sakafuni, na kila kipande kinaanza kutengeneza kutu yake. Nikapata vidoadoa vipya ambavyo havikuwepo.

La pili, niliamini karatasi ya kupimia. Nilipima chuma, ikasoma sifuri. Nikajiambia basi si chuma. Kumbe karatasi inapima kilicho ndani ya maji, na changu kilikuwa kimeshahamia ukutani. Sifuri bwawani huku ngazi zina rangi ya kutu haina maana yoyote. Ungepima maji ya bomba kabla hayajaingia bwawani, hapo ungepata jibu. Nilipopima ya kisima yalisoma kati ya 0.5 na 1. Shirika la Afya Duniani linasema chuma kikizidi miligramu 0.3 kwa lita huanza kuacha madoa kwenye nguo na masinki. Shuka zangu nyeupe zilikuwa zinanieleza jambo hilo kwa miaka, nikawa nalaumu sabuni.

Sasa tuje kwenye kidonge. Kabla hujanunua chochote, fanya hili. Chukua kidonge cha kawaida cha vitamini C, kile cha kumeza. Mimi niliingia mpaka ngazi ya pili, maji magotini, nikakibonyeza juu ya doa kwa dole gumba na kuhesabu mpaka 60. Kidonge kilikuwa kinamomonyoka taratibu, chengachenga zake zinaelea pembeni mwa kidole. Nilipoinua, palikuwa na duara jeupe, ukubwa ule ule wa kidonge, kingo zake zimekatika safi kama mtu kapiga muhuri. Nilikaa nikiliangalia kama mtoto. Nikabonyeza pembeni, duara la pili. Basi ni chuma.

Kama kidonge hakifanyi kitu, usinunue unga huu. Weka chembe chache za klorini ndani ya soksi ya zamani, ilaze juu ya doa kwa muda mfupi. Doa likipauka, basi lilitokana na majani au mbegu zilizooza pale, wala si madini. Doa la bluu au la kijani kama rangi ya pete ya zamani ni la shaba, na hapo asidi ya sitriki huwa na nguvu kuliko vitamini C. Lililo jeusi au zambarau, fikiria manganizi. Nimewahi kuona watu wamenunua pakiti hii kwa madoa ya majani halafu wanaipa nyota moja. Pakiti imewakosea nini?

Ndani ya pakiti kuna asidi askobiki, yaani vitamini C yenyewe, basi. Geuza nyuma usome kilichomo, maana kuna chupa za "kuondoa madoa" zenye picha ya bwawa la hoteli ambazo ndani ni kitu hicho hicho kwa jina la kifahari. Unga ni mweupe, chembe zake kama chumvi laini, hauna harufu. Nusu nyota niliyokata ni ya mambo mawili. Mfuko haufungiki tena ukishafunguliwa, na unga huu ukipata unyevu unashikana na kuwa wa manjano, nguvu zinapungua. Hamishia kwenye kopo lenye kifuniko siku hiyo hiyo. Jambo la pili ndilo kubwa zaidi: maelezo ya matumizi ni mistari minne, na hayasemi kwamba lazima ushushe klorini kwanza.

Vitamini C na klorini zikikutana zinauana. Kila gramu moja ya klorini inameza karibu gramu mbili na nusu za unga. Pigeni hesabu na mimi: bwawa la mita za ujazo 42 likiwa na klorini ya miligramu 4 kwa lita lina gramu 168 za klorini. Hizo peke yake zitakula gramu 420 za unga kabla hata doa moja halijaguswa. Karibu nusu kilo inayeyuka bila kazi. Ndipo unapoelewa wale wanaosema "nilimwaga yote na hakuna kilichotokea."

Kwa hiyo nilisubiri. Niliacha kutia klorini, nikaondoa turubai, jua likafanya kazi yake kwa siku tatu, mpaka kipimo kikashuka chini ya 0.5. pH, yaani kipimo cha hali ya asidi majini, ilikuwa 7.8, nikaishusha hadi 7.2 kwa asidi kidogo kidogo. Kwa sababu bwawa lisilo na klorini ni karamu ya mwani, unatakiwa kutia dawa ya mwani kabla, na iwe isiyo na shaba. Angalia sana hapo. Dawa nyingi za mwani zina shaba ndani. Utakuwa unafukuza mgeni mmoja huku unamfungulia mlango ndugu yake. Mimi nilisema siku chache tu, mwani gani utaota? Tutarudi hapo.

Kipimo kinachotumika sana ni gramu 6 hivi kwa kila mita ya ujazo, na madoa sugu yanaweza kuhitaji mara mbili yake. Nilipima gramu 250, pampu ikiwa inazunguka, nikapita ukingoni nikinyunyiza, zaidi upande wa ngazi. Nilivaa glavu na nikakaa upande upepo unakotoka. Si sumu ya kutisha, lakini ni asidi, na ukiwa na mkwaruzo mkononi utakumbushwa.

Nilitegemea kusubiri mpaka kesho yake. Dakika 10 za kwanza, hakuna. Kisha nikaona ngazi ya chini imepata ukingo mweupe. Pale unga ulipotua, plasta ilikuwa inafunguka kama ukungu wa asubuhi unavyoachia bonde, vipande vipande, na michirizi chini ya matundu ikawa inafupika kutoka juu kwenda chini. Binti yangu alikuwa anapita na simu yake, akasimama, akauliza, "Mama, umepaka rangi?" Baada ya saa moja ngazi zote zilikuwa nyeupe. Kwenye maji marefu yalibaki mabaka, maana kule maji yalizidi unga, kwa maana zote mbili. Nikaongeza gramu 250 nyingine jioni, asubuhi yakawa yameondoka. Kulikuwa na alama moja iliyokuwa na umbo kamili la kibanio cha nywele, kuonyesha mahali kilipolala na kuoza sijui miaka mingapi iliyopita. Nayo ikaenda.

Hapo ningeandika nyota tano na kulala. Lakini swali ni lile lile la mwanzo: rangi imekwenda wapi? Vitamini C haili chuma. Inakirudisha kwenye hali yake ya kuyeyuka, ile isiyo na rangi, kikatoka ukutani kikarudi majini. Nilipima tena na ile karatasi iliyosoma sifuri. Safari hii ilisoma 0.5. Chuma chote kilikuwa kinaogelea humo, maangavu, kimya, kinasubiri klorini irudi.

Hapo ndipo inaingia chupa ya pili. Mbele imeandikwa kwa herufi kubwa HUONDOA MADINI. Nyuma, kwa herufi za kutafutia miwani, kuna jina la dawa iliyomo: HEDP. Dawa hii inakikumbatia chuma ndani ya maji kisiweze kushikana na klorini wala kutua ukutani. Inakishika, haikitoi. Chuma bado kimo bwawani, kiasi kile kile, ila kimefungwa mikono. Waswahili wana usemi wake: funika kombe mwanaharamu apite. Tena klorini na jua zinaivunja dawa hiyo siku hadi siku, kwa hiyo lazima uongeze kila wakati, usipoongeza inaachia. Na ikivunjika inabakisha fosfati, chakula cha mwani. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoandikwa mbele.

Siilaumu dawa, naulaumu mdomo wake. Inafanya kazi yake vizuri ukijua kazi yake ni ipi. Kama ingeandikwa "hushikilia madini, ongeza kila baada ya wiki moja au mbili," ningeipa nne. Kifuniko chake cha kupimia nacho kimechorwa mistari isiyosomeka ikilowa, sasa unapimaje dawa ya bwawa bila kulowesha kifuniko?

Niwaambie nilivyoharibu. Niliweka dawa ya chupa, nikaacha pampu izunguke usiku na mchana kwa siku mbili. Vizuri. Siku ya tatu nikaona utelezi wa kijani kwenye ngazi ya juu, kwenye ile pembe isiyopata mzunguko. Mwani. Ile dawa niliyoidharau. Nikashikwa na hofu, na hofu yangu ina mkono mrefu: nikachota klorini ya unga, ile ambayo pH yake yenyewe iko juu sana, nikamwaga moja kwa moja juu ya ngazi. Ndani ya dakika chache, chai. Si bwawa zima, wingu tu pale pale nilipomwaga, na lilipotulia ngazi ya juu ilikuwa na baka la kahawia ukubwa wa sinia. Nilicheka kwa sababu kulia kungenichelewesha.

Njia sahihi, ambayo niliifuata mara ya pili, ni ya pole pole mpaka inakera. Unatia dawa ya mwani kwanza. Unarudia unga kidogo pale penye baka. Mimi gramu 80 zilitosha. Unaweka dawa ya chupa kipimo kamili. Halafu klorini ya maji, kidogo kidogo, mbele ya tundu linalorudisha maji ili ichanganyike haraka, jioni baada ya jua. Siku za mwanzo kipimo kitaendelea kusoma sifuri, kwa sababu vitamini C iliyobaki inaimeza. Usihamaki. Mimi ilinichukua siku tano kabla karatasi haijaonyesha rangi yoyote, na karibu wiki mbili kufika 2. pH niliiacha kwenye 7.2 hadi 7.4 muda wote huo. Ikipanda juu, chuma kinatafuta ukuta. Na usimwage magadi mahali pamoja ili kuipandisha, utarudi nilikokuwa. Ukiona maji yanaanza umanjano, simamisha klorini, ongeza unga kidogo, endelea kesho.

Kwa wenye hita, hasa wale wenye madoa ya bluu: angalieni vidonge vya klorini mnavyoviweka ndani ya skima, lile tundu la ukutani linalonyonya maji ya juu kwenda kwenye pampu. Vile vya kuyeyuka taratibu vina pH ya 3 hivi. Pampu ikizimwa, maji ya asidi yanajikusanya pale. Ikiwashwa, yanapita yote kwa mkupuo ndani ya mabomba ya shaba ya hita. Shaba inalika, inaingia bwawani. Ndiyo hiyo hiyo inayogeuza nywele nyepesi kuwa za kijani, ingawa klorini ndiyo inayobeba lawama miaka yote. Mvi za baba mkwe wangu ziliwahi kupata kijani hicho kwenye bwawa la watu, tukamtania mpaka akanyoa.

Kitu kilichonisaidia kuliko chupa hakikuuzwa kwenye pakiti. Kwa kuwa kisima ndicho kinacholeta chuma, nikaamua kukikamata mlangoni. Sasa maji ya kujazia hayaendi tena moja kwa moja bwawani. Yanadondoka kutoka juu kuingia kwenye tangi ili yapate hewa, yanakaa siku mbili, kutu inashuka chini. Halafu yanatoka kupitia ndoo niliyoitoboa matundu chini na kuijaza pamba ya bandia, ile ya kujazia mito. Mara ya kwanza niliitoa pamba baada ya kujazia mara tatu. Niliiweka ikiwa nyeupe kama theluji ya kwenye picha. Ilitoka juu ina rangi ya udongo wa matofali, katikati manjano, chini bado nyeupe, na nilipoikamua ikaacha vidole vyangu na rangi ambayo ilikaa mpaka kesho yake. Hiyo yote ilikuwa inakwenda kwenye ngazi zangu. Haikamati kila kitu, ila sasa chupa ya dawa naongeza nusu ya nilichokuwa natumia.

Nimeulizwa na jirani kama si rahisi kukausha bwawa na kulisugua kwa asidi kali. Inawezekana, na madoa yatatoka, pamoja na tabaka la plasta. Halafu utalijaza tena kwa maji ya kisima kile kile.

Kwa hiyo: unga nitanunua tena, mfuko wa kilo moja hukaa muda mrefu ukiuhifadhi vizuri. Chupa nitanunua kwa sababu lazima, ila nitatafuta yenye kifuniko kinachosomeka. Pakiti ya viwili pamoja, hapana, maana unga uliomo ni gramu 500 tu na mwenye bwawa kama langu hana akiba ya kukosea.

Kimebaki kitu kimoja. Chini ya taa kuna doa la duara, ukubwa wa kitufe cha koti, rangi nyeusi zaidi ya mengine. Kidonge kinalifuta. Baada ya wiki tatu linarudi mahali pale pale, milimita ile ile. Nimeshalifuta mara nne. Hilo halitoki majini, linatoka ndani: kuna nondo iliyokaa karibu mno na uso wa plasta na maji yameifikia. Fundi mwingine amelitazama, akaligonga kwa ukucha, akasema, "Dada, hapa ni kupasua." Anakuja Jumamosi.